Kurejesha Waliokimbia Vita na Kujenga Upya: Mwongozo kwa Wapangaji wa Serikali

Silaha zikinyamaza, serikali hubanwa kutoka pande zote. Waliokimbia wamechoka na kambi, wafadhili wanataka kuona mpango, na wanasiasa wanataka malori yaonekane yakirudi vijijini kabla ya uchaguzi. Mipango mingi huharibikia hapo, kwa sababu huanza na nyumba, kitu kinachoonekana upesi. Mwongozo huu unaanza na hiari ya watu wenyewe na suala la ardhi. Mabati na matofali yanafuata. Umeandikwa kwa afisa mipango wa wizara au wa halmashauri, ingawa mjumbe wa kamati ya wakimbizi wa ndani akiusoma atajua pia aidai nini serikali yake.

Hatua ya 1: Andika wajibu katika sheria na umtaje mwenye dhamana

Wajibu wa kwanza ni wa serikali. Mashirika ya misaada yanasaidia tu. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa Ndani za mwaka 1998 zinalisema hilo waziwazi: kanuni ya 28 inaitaka serikali iweke mazingira ya watu kurudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, au kuhamia sehemu nyingine ya nchi, kanuni ya 29 inaitaka iwasaidie kurudishiwa mali zao, na pale isipowezekana walipwe fidia. Kwa nchi za Afrika upo pia Mkataba wa Kampala, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012.

Mkataba peke yake hauna ofisi wala bajeti. Ndiyo maana nchi hutunga sheria yake, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012, karibu miaka mitano baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 kuwaondoa makwao mamia ya maelfu ya watu. Usisubiri kiasi hicho. Kwa kuanzia inatosha sheria fupi inayosema nani anahesabika kuwa amehamishwa na vita, nani anaratibu kazi, nani anaamua migogoro ya ardhi na rufaa inakwenda wapi, na fedha zinapitia fungu gani la bajeti.

Kuhusu uratibu, maoni yangu ni haya: uwe katika ofisi yenye uwezo wa kuwaita mawaziri na wakaitika, huku kazi yenyewe ikibaki kwa wizara na halmashauri. Tume mpya inayojenga shule zake, kuajiri wauguzi wake na kununua magari yake huacha pengo kubwa siku inapovunjwa, kwani Wizara ya Elimu haikuwahi kuzihesabu zile shule kuwa zake.

Hatua ya 2: Sajili watu wote, hata wasio kambini

Kambi huonekana, hivyo huhesabiwa. Aliyejisitiri kwa shemeji yake mjini haonekani. Kenya, baada ya 2008, familia zilizokaa kwa ndugu au kupanga vyumba zilipitwa na sehemu kubwa ya msaada, kwa sababu msaada ulifuata mahema. Kwa hiyo timu za usajili ziende pia kwenye mitaa ya pembezoni mwa miji, shuleni ambako wanafunzi wameongezeka ghafla, na kwenye nyumba za ibada. Hesabuni pia familia zinazowapokea wageni hao; wamegawana nao maji, vyumba na madawati kwa miaka, na mpango usiowataja hugeuza ukarimu kuwa kinyongo.

Fomu imwandikishe kila mtu mzima kwa jina lake. Ukiandika mkuu wa kaya peke yake, mke atakayeachika au kufiwa mwaka ujao hatakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba naye alikimbia. Uliza ametoka kijiji gani hasa, lini, ameacha mali gani, ana karatasi zipi mkononi, na nani katika familia hajulikani alipo. Timu hiyohiyo iambatane na msajili wa vizazi na vifo pamoja na afisa wa vitambulisho, vyeti vitolewe palepale. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti, kudai shamba wala kumwandikisha mtoto mtihani, na kumrudisha wilayani alikofukuzwa akafuate nakala ni kumweka hatarini.

Orodha hii ilindwe kama siri ya hospitali. Daftari linaloonyesha nani alikimbia kutoka wapi na sasa analala wapi, likiangukia mikono mibaya, ni orodha ya walengwa. Takwimu za jumla zitangazwe. Majina yabaki kwa maofisa wachache walioapishwa.

Hatua ya 3: Waulize wanataka nini, kisha uwaamini

Kuna njia tatu zinazokubalika: kurudi ulikotoka, kubaki ulipokimbilia, au kuanza upya mahali pa tatu. Serikali nyingi huipenda ya kwanza kwa sababu inaonekana kufuta vita. Lakini kijana aliyekimbia akiwa na miaka minne, sasa ana kumi na tisa na kazi ya ufundi mjini, humrudishi popote. Unamhamisha mara ya pili. Tanzania iliwahi kukubali hali ya aina hiyo hata kwa watu wa nchi nyingine: zaidi ya Warundi 160,000, waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa uhamishoni, walipewa uraia badala ya kuendelea kuitwa wakimbizi.

Swali la "Unataka kurudi? Ndiyo au hapana" halikupi kitu cha kupangia. Watu wengi watajibu ndiyo, kwa sababu wanapapenda kwao, kisha hawatapanda lori. Uliza hivi: Kitu gani kikibadilika ndipo utarudi? Nani katika kaya atatangulia, na nani atabaki kwanza? Nani anaishi katika nyumba yako sasa? Yupo mtu kule unayemwogopa? Watoto watasoma wapi muhula ujao? Mume na mke waulizwe kila mmoja peke yake. Majibu yakitofautiana usiyasawazishe. Hiyo tofauti ndiyo habari unayoitafuta.

Jiandae kuona kaya zikigawanyika. Kaskazini mwa Uganda, ambako watu wapatao milioni 1.8 walikuwa kambini vita vilipopamba moto, makubaliano ya kusitisha mapigano ya Agosti 2006 hayakufuatwa na msafara mmoja wa kurudi. Watu walihamia kwanza kambi ndogo zilizo karibu na kwao, wakalima mchana na kurudi kulala kambini, wakaacha watoto karibu na shule. Afisa anayeona hivyo asidhani anadanganywa posho. Familia inapima usalama kwa njia yake, na ni busara msaada uwafuate kwa hatua hizohizo.

Panga ziara za kwenda kuona. Basi likiwa na watu ishirini, wasiwe wenyeviti watupu: wawemo wajane, vijana, wapangaji, na watu wa makundi yaliyokuwa wachache kijijini. Wakae huko siku nzima, wazungumze na waliobaki bila askari kusimama kando, kisha warudi waeleze walichokiona kwenye mkutano wa hadhara kambini. Taarifa mbaya nayo isemwe. Na jambo hili liandikwe na litangazwe mapema: anayekataa kurudi sasa hapotezi mgao wake. Bila ahadi hiyo, neno hiari linabaki kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Safisha mabomu na urudishe ulinzi unaoaminika

Msumbiji ilitia saini amani Oktoba 1992, na ikatangazwa kuwa imemaliza kusafisha mabomu ya ardhini yaliyojulikana mwaka 2015. Wakimbizi wapatao milioni 1.7 walikuwa wameshavuka mipaka kurudi miaka mingi kabla ya hapo. Ndivyo inavyokuwa: watu hawangoji cheti. Basi panga usafishaji kwa kufuata miguu ya watu, yaani njia ya kisimani, shule, zahanati na mashamba ya karibu kwanza, barabara kuu sambamba, misitu baadaye. Alama za hatari ziwekwe hata pale ambapo mteguaji hatafika mwaka huu, na elimu ya mabomu itolewe kambini kabla ya safari.

Jeshi likabidhi majengo ya shule na zahanati lililoyatumia, kwa tarehe maalumu. Kituo cha polisi kiwe na askari wa kike na kiwe na askari kutoka jamii zilizopigana. Ikiwa mtu anayetuhumiwa kuchoma nyumba ndiye mwenyekiti wa kijiji leo, lori lisiende huko kwanza.

Hatua ya 5: Tatua ardhi kabla hujajenga juu yake

Hapa ndipo uweke watu wako bora na muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chenye mgogoro huwa chanzo cha mapigano mapya, tena serikali ikiwa ndiyo iliyoleta saruji.

Anza kwa kusimamisha kwa muda uuzaji na ugawaji wa ardhi katika maeneo yaliyohamwa, pamoja na ule unaofanywa na serikali yenyewe. Kipindi cha vita ni kipindi cha mauzo ya shida: mtu ameuza ekari tano kwa nauli ya kukimbilia, au ametia saini bunduki ikiwa mezani. Wawekezaji nao hufika mapema kuliko wenye mashamba. Kisha tenganisha madai kwa aina zake. Shamba ambalo mkimbizi mwingine amejibanza si sawa na shamba lililovamiwa na mwenye nguvu, na yote mawili si sawa na lile ambalo wizara ilimgawia mtu mwingine kwa barua halali. Usisahau wapangaji na vibarua, ambao hawakuwa na ardhi tangu mwanzo na hawatarudishiwa kitu ikiwa mpango unawajua wenye hati pekee.

Ushahidi ndio unaokwamisha. Masijala imeungua, hati zimeachwa ndani ya nyumba, na vijijini wengi hawakuwahi kuwa na hati. Sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 ilitambua haki ya jamii zinazomiliki kwa mila na ya mtu aliyetumia ardhi kwa nia njema kwa miaka kumi au zaidi, na ikakubali ushahidi wa mdomo. Kolombia, kwa Sheria ya 1448 ya mwaka 2011, ilienda mbali zaidi: mhamishwa akishaonyesha uhusiano wake na shamba na kwamba alifukuzwa, mzigo wa kuthibitisha unamhamia anayepinga. Hukumu ikitoka, ardhi huandikwa kwa majina ya wenzi wote wawili. Hayo mawili ningeyaweka katika sheria ya nchi yoyote inayotoka vitani.

Chukua mjane anayefika mezani bila karatasi. Shamba lilikuwa la mumewe, shemeji yake analilima sasa na anasema mwanamke huyo alishaondoka katika ukoo. Karani mzembe atamwandikia aende akalete hati. Karani aliyefundishwa atamwuliza alilima nini upande wa juu na nini upande wa bonde, jirani wa kila mpaka alikuwa nani, kisima kilichimbwa mwaka upi, watoto wake walizaliwa katika nyumba ipi. Majibu yanaandikwa kwa maneno yake, anasomewa, anatia saini au kidole gumba, anapewa nakala yenye namba. Siku iliyopangwa timu inafika shambani na mashahidi wa pande zote, inautembea mpaka kwa miguu, inatazama misingi ya nyumba, miti iliyopandwa na makaburi, na inachukua vipimo kwa kifaa cha setilaiti mbele ya kila mtu. Ramani inabandikwa hadharani kwa muda uliotajwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kazi hii ni ya polepole, na haina njia ya mkato. Ifanyike mapema, kwa sababu kila mzee anayefariki kambini anaondoka na mipaka.

Anayeishi katika mali ya mwingine pia ana haki. Akiwa naye alikimbia na hana pa kwenda, atafutiwe mahali kabla ya kuondolewa, na mwenye mali aambiwe tarehe ya mwisho ambayo haitasogezwa. Bosnia ilijifunza hili kwa shida. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya huko, uliwapa watu haki ya kurudi majumbani mwao, lakini miaka ya mwanzo halmashauri zenye chuki zilizikalia kesi. Mambo yalisogea baada ya 1999, sheria ileile ilipotumika kila wilaya na madai kusikilizwa kwa mfuatano wa yalivyopokelewa, bila kujali ni ya kabila gani. Madai yapatayo 200,000 yaliwasilishwa, na kufikia mwishoni mwa 2004 zaidi ya asilimia 90 yalikuwa yameamuliwa. Wengi walioshinda waliuza nyumba hizo au kubadilishana, wakaendelea kuishi walikokimbilia. Sioni kasoro hapo. Walirudishiwa mali, wakaamua wenyewe, wakiwa na mtaji mkononi.

Muda mrefu ukipita, haki huanza kugongana na haki. Itifaki ya Arusha ya 1993 kuhusu Rwanda ilishauri kwamba waliokimbia zaidi ya miaka kumi nyuma wasidai mali iliyoshikwa na wengine, na badala yake serikali iwape ardhi nyingine. Burundi, waliokimbia mwaka 1972 waliporudi walikuta mashamba yao yana kizazi cha pili cha wakulima, baadhi yao wakiwa na barua za serikali. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 iliegemea kwanza kugawana shamba, baadaye ikaelekea kulirudisha lote kwa mwenyewe wa zamani, na mvutano ukapanda. Kanuni yoyote utakayoichagua, itangaze kabla ya kesi ya kwanza na usiigeuze katikati. Anayeshindwa akiwa alinunua au kugawiwa kwa nia njema, alipwe na serikali. Hiyo gharama ni sehemu ya bei ya amani na iwekwe kwenye bajeti.

Kama unatafuta ardhi ya makazi mapya, usiseme ni tupu mpaka umekaa hapo msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Wafugaji huja mara moja kwa mwaka, nao ni wenye ardhi.

Hatua ya 6: Jenga kwa mpangilio wa maisha

Mijini kazi huanza na kifusi. Mosul, mji wa Iraq, ulipotoka vitani mwaka 2017 ulikuwa na mamilioni ya tani za kifusi, ndani yake mkiwa na mabomu na miili ya watu. Tingatinga lisitangulie mteguaji, na miili itolewe na watu wanaojua kuitambua na kuiandikisha, kwani kuna familia zinazongoja jibu. Mabaki ya ukuta yapigwe picha na kupimwa kabla ya kubomolewa; huo ni ushahidi wa mali.

Vijijini, maji na barabara vitangulie, kisha zahanati na shule, kisha nyumba. Nyumba bila maji haikaliwi. Pamoja na darasa, weka nyumba ya mwalimu na posho ya kumshawishi akae. Majengo yasiyo na wafanyakazi ndiyo makosa ya kawaida kabisa ya ujenzi wa baada ya vita.

Kwa nyumba za familia, wape wenyewe fedha kwa awamu: msingi ukikaguliwa inatoka ya kuta, kuta zikikaguliwa inatoka ya paa. Fundi wa halmashauri akague na ashauri. Watu hujenga kwa gharama ndogo kuliko mkandarasi mkubwa, hupanga vyumba wanavyovihitaji, na fedha huzunguka kwa mafundi wa hapohapo. Wazee, wagonjwa na watoto wanaoongoza kaya wajengewe. Tahadhari na vijiji vya kupangwa kwa mistari. Vinarahisisha kuleta umeme na maji, na Rwanda ilivifanya sera ya taifa kuanzia mwishoni mwa 1996, lakini familia nyingi zilijikuta mbali na mashamba yao. Kabla ya kuchora ramani, pima umbali wa kila kaya hadi shambani kwake.

Kila mradi uwahudumie waliorudi, waliobaki na waliowapokea kwa pamoja. Ukichimba kisima cha "warudi" peke yao, umechora mpaka mpya kijijini.

Hatua ya 7: Panga fedha za mwaka wa tano leo

Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya wana makubaliano ya mwaka 2008 ya kufanya tathmini ya mahitaji kwa pamoja baada ya mizozo. Itumie fursa hiyo upate hesabu moja badala ya ripoti nyingi zinazopingana. Lakini elewa mkondo wa fedha za wahisani: nyingi huja mwanzoni, wakati halmashauri haina hata mhasibu, na hupungua pale uwezo wa kuzitumia unapopatikana. Mishahara ya walimu, matengenezo ya pampu na fidia za ardhi ziwe kwenye bajeti ya ndani tangu mwaka wa kwanza, hata kwa kiasi kidogo.

Na zilindwe. Mwaka 2012 wafadhili kadhaa walisitisha misaada kwa Uganda baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fedha za mpango wa kuijenga upya kaskazini zilikuwa zimeibwa. Waliofikishiwa maumivu ni watu walewale waliokuwa wametoka kambini. Bandika kiasi kilichopokelewa na kilichotumika kwenye mbao za matangazo za kila kata, kwa lugha inayosomeka, na kamati za waliorudi zipewe nakala ya mkataba wa ujenzi ili zenyewe zikague.

Hatua ya 8: Fungua dawati la malalamiko lenye meno

Namba ya simu bila malipo, meza siku ya gulio, muda wa kujibu uliotajwa, na ngazi ya rufaa nje ya ofisi iliyolalamikiwa. Malalamiko ya ukatili wa kijinsia yapokelewe na mwanamke, faraghani. Kesi za uhalifu wa vita zisizimwe kwa kisingizio cha maridhiano. Anayerudi kuishi jirani na aliyemwua mwanawe anahitaji kujua ni chombo gani kinaichukua kesi hiyo na lini.

Hatua ya 9: Jua lini kazi imekwisha

Kufunga kambi si dalili ya kumaliza. Mwongozo wa kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada ya kibinadamu, uliotolewa mwaka 2010, unataka upime mambo manane: usalama, kiwango cha maisha kinachostahili, riziki, kurudishiwa nyumba na ardhi, vitambulisho, kuungana kwa familia zilizotengana, ushiriki katika siasa na uongozi, na kupata haki kwa waliodhulumiwa. Linganisha kaya zilizorudi na majirani ambao hawakuwahi kukimbia. Tofauti ikiwa bado ipo na chanzo chake ni kule kuhamishwa, kaya hiyo haijatoka kwenye daftari lako.

Wa mwisho kubaki kambini huwa ni wazee wasio na ndugu, walemavu, wagonjwa, na wajane ambao ukoo umewakatalia shamba. Wasikatiwe maji ili waondoke. Kila mmoja afunguliwe jalada lake lenye jina la afisa anayewajibika: huyu anahitaji nyumba karibu na hospitali, yule anahitaji wakili, mwingine anataka kubaki hapohapo na apewe kiwanja. Daftari la usajili libaki wazi kwa miaka baada ya sherehe za kufunga kambi, kwa sababu waliokimbia mbali zaidi hurudi wakiwa wamechelewa, na dai lao la ardhi lina uzito uleule wa la aliyerudi kwanza.